Daftari la Kijito

Hakina sifa kijito cha Dobson.
Ramani ya Melbourne imekiandika kwa herufi za sisimizi
kati ya uwanja wa kriketi na duka la matairi,
na wapita njia hukivuka garini wasijue
kuwa chini yao kuna maji yanayokwenda zake.

Sisi tunakijua kwa visigino.
Kila Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi,
watu sita, siku nyingine watatu,
gambuti, ndoo, na lile bomba la plastiki
lenye msalaba mweusi kitakoni:
unamimina maji polepole, unachungulia kwa juu,
msalaba ukipotea unaacha, unasoma namba.
Mwandishi ni Noelene Hartigan.
Daftari lake lina picha ya kuku jaladani
na miaka kumi na tisa ya tope ndani.

Mvua juzi. Kitoroli cha supamaketi, kimoja. Bata, saba.
Mkunga chini ya daraja, mnene kama mkono wa Spiro.

Spiro akakunja mkono ili tuupime.

Mwezi wa tano maji yakaja meupe.
Si povu. Meupe,
kana kwamba kuna mtu huko juu anakamulia ng'ombe mtoni.
Yalikuja Jumanne jioni, yakapita nusu saa,
na Jumatano vyura hawakulia.
Jumanne iliyofuata, vilevile.

Mtaa ukaanza kunong'ona.
Ni wale wapya wa ghorofani.
Ni yule mwosha magari.
Ni wageni, akasema mmoja, akimtazama Thuy,
aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka kwake.

Maji hayasemi uongo, alisema Noelene,
ila hayana haraka ya kusema kweli.
Basi tukayapanda kinyume.
Thuy alifunua mifuniko ya mitaro kwa ndoana ya chuma,
mimi nikapiga magoti na tochi kutafuta
utando mweupe uliokaukia ukingoni.
Kwa mwosha magari: pakavu.
Ghorofani: majani ya mkaratusi na mpira wa tenisi.
Kulia. Kushoto. Kilimani.
Na kila kona tuliyokata
ilikuwa kona ninayoweza kuikata nimefumba macho.

Mfuniko wa mwisho uko mbele ya namba ishirini na sita.
Mlimau. Ngazi imelazwa ukutani. Gari
lililoandikwa ubavuni kwa mkono wake mwenyewe:
Z. Marušić, Mpaka Rangi.

Nilimimina chupa ya rangi nyekundu ya keki.
Spiro alikuwa chini darajani, simu sikioni.
Bado, alisema. Bado.
Bado.
Hee! Imefika! Kwani mko kwa nani?

Thuy akatazama viatu vyake.

Baba akatoka na malimau ndani ya kofia,
akamgawia kila mtu mawili.
Kila Jumanne hupaka ukumbi wa kanisa, bila malipo,
kisha huosha brashi hapa, ukingoni mwa barabara,
kama alivyofanya miaka arobaini.
Brashi isiyooshwa ni maiti, alinifundisha,
nami nikiwa na miaka sita nimeshika mpira wa maji,
nikishangilia weupe ukizunguka, ukizunguka,
ukimezwa.

Alidhani mtaro unakwenda mahali pengine.
Alidhani kuna mahali pengine.

Noelene alifungua daftari, akainua kalamu,
akanitazama. Kisha akanipa.
Miaka kumi na tisa hajampa mtu kalamu ile.
Niliandika: Chanzo, namba ishirini na sita.
Nikavuta pumzi. Nikaongeza:
Mshika mpira, mimi.

Siku hizi anaoshea ndooni, juu ya nyasi, akinung'unika.
Jumamosi iliyopita alikuja na viatu vyake vya madoa,
akachungulia bombani kwa jicho moja, muda mrefu,
mpaka tukaanza kuona baridi.
Mimi sioni msalaba wowote, alisema.
Mwaga kidogo, Zvonko, alisema Noelene. Tazama tena.

Watu saba, akaandika. Bata, wanne.
Mkunga, bado.